Bamba Langu la Almasi Limeshinda Mara Mbili

Jumatatu, 6 Januari
Ajira ya kudumu ni moja, sisi wawili: mimi, Jignesh, na Hetal, dada mtaratibu kupita kiasi. Profesa Kapadia katupa kila mmoja bamba lenye utando wa almasi, kwa majaribio ya vali za moyo. Nimelitibu langu kwa haidrojeni, yeye lake kwa oksijeni. Yatachovywa kwenye damu. Litakalonasa protini chache zaidi za kugandisha damu, mwenye nalo kaajiriwa. Mama mkwe ameshatangazia mtaa mzima kwamba nimepata. Nikikosa, nitauficha wapi uso wangu?

Jumatano, 8 Januari
Nimechungulia. Tone la maji kwenye bamba la Hetal linatandaa kama samli juu ya chapati ya moto. Kwangu linajiviringa, linasusa. La Hetal ndilo bora, wazi! Wakati wa chai nimebadilisha mabamba kwenye vijisanduku. Hodari mimi! Kisha nikalipulizia pumzi bamba jipya, nikalifuta kwa dole gumba. Ukoo wetu tumekata almasi vizazi vitatu hapa Surat. Mkono ukishika jiwe hauombi ruhusa.

Ijumaa, 10 Januari
Balaa! Bamba nililoiba limejaa protini pomoni. Profesa kauliza kama nililitumia kama sahani ya bajia. Hetal kashinda kwa bamba langu. Ngoja... yaani mshindi ni mimi! Nimecheka chooni peke yangu. Profesa kaagiza yaoshwe kwa asidi, yapimwe tena Jumatatu.

Jumatatu, 13 Januari
Nimemtangulia hata mfagiaji. Nimebadilisha tena mabamba. Haki imerudi kwa mwenyewe!
Mchana, baada ya kipimo, Profesa akatueleza. Kumbe Jumamosi Hetal aliona maji yanajiviringa, akajua bamba si lake, akamwambia Profesa, wakarudisha kila moja mahali pake. Hetal akaniambia nisijali, kaka, vitu huchanganyika. Kumbe asubuhi nimeyavuruga upya mwenyewe. Bamba langu limeshinda tena, kwa jina lake tena. Mara mbili! Nani Surat nzima ana bamba kama langu?
Ajira kapewa Hetal. Mama mkwe hanisemeshi.

Alhamisi, 16 Januari
Hetal anatafuta msaidizi. Tumeomba wawili. Barua ya mwenzangu nimeisoma, inapendeza kuliko yangu. Nimeitia kwenye bahasha yenye jina langu. Ina sahihi yake chini, lakini nani husoma barua mpaka mwisho? Nimeshamwambia mama mkwe atangaze.