Tumekuja Kutembea, Tumekalishwa

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya bustani, mheshimiwa makamu wake, mheshimiwa msaidizi wa makamu, mheshimiwa mshika maikrofoni, waheshimiwa wadau wa kivuli, wazee wenye fimbo na wasio na fimbo, akina mama, akina baba, wajukuu mliobebwa na mnaokimbiakimbia, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa ichukuliwe kuwa imezingatiwa. (Makofi kutoka viti vya mbele. Sisi wa nyuma mikono imejaa wajukuu na chupa za maji, tungepiga na nini?)

Leo, ndani ya ukumbi huu, nina furaha isiyo kifani kuzindua Bustani ya Matembezi ya Familia, mradi shirikishi, endelevu na wa kidijitali, ambao mimi binafsi niliuwaza nikiwa nimekaa, nikauandikia mpango mkakati nikiwa nimekaa, na nikausimamia kwa uzalendo mkubwa nikiwa nimekaa. (Kicheko. Mgeni rasmi akainamisha kichwa kama bwana harusi, akidhani anasifiwa.)

Tafiti zetu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya familia zinazotoka pamoja hurudi pamoja, na asilimia mbili iliyobaki bado inatafutwa. Bustani hii itakuwa na njia ya kilomita nne, ndege wa aina kumi na mbili ambao wameshajaza fomu, vipepeo walio katika hatua ya usaili, na kijito ambacho maji yake yatatiririka saa za kazi tu, isipokuwa sikukuu. (Wajukuu wakaruka: “Vipepeo! Twende sasa hivi!” Hapo nikasimama. “We mwanangu mheshimiwa, udongo wake ni laini? Mume wangu huyu kapooza mguu. Daktari kasema atembee kila siku pasipo na magari, la sivyo mguu utakauka. Kwetu malori yanapita mlangoni, ukitoa pua tu imekwenda.”)

Swali zuri sana, bibi, na kwa uzuri wake sitaliharibu kwa jibu. Niseme tu kwamba wazee wamepewa kipaumbele katika Awamu ya Tatu, ambayo ni kutembea kwenyewe, mara baada ya Awamu ya Kwanza, ya kufikiria kutembea, na Awamu ya Pili, ambayo ni semina elekezi ya siku tano kuhusu mguu upi utangulie. (“Mimi ninao mmoja tu unaosikia amri,” mume wangu akasema. “Semina yangu itakuwa fupi.” Ukumbi ukavunjika mbavu.)

Utani huo, mzee, ni kiashiria cha mafanikio, na tayari nimeuingiza kwenye ripoti. Sasa tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema “Familia bora,” ninyi semeni “hatua bora.” Familia bora! (“Choo!” akaitikia mjukuu wangu mdogo, peke yake.)

Ahsanteni kwa mwitikio huo mzito. Nihitimishe kwa kumshukuru kwa dhati mchoraji wa mabango, aliyeichora bustani yote kwenye pazia hili nyuma yangu kwa siku mbili tu, maana bustani nyingine haipo, wala kiwanja chake hakipo, na wala hakijaombwa. Msiliguse, rangi ni mbichi, na kesho saa mbili asubuhi tunalizindua tena kata ya jirani. Ziara yenu ya bustani imekamilika. Karibuni tena.

(Mume wangu akanishika bega, akainuka. Akaburuta ule mguu, akaburuta tena. Tangu augue hajavuka hatua tatu. Nilihesabu tisa mpaka mlangoni, machozi yananitoka kama mtoto.)

Mnaona, ndugu wananchi! Amelitazama pazia nusu saa, mguu umeitikia! Piga picha! Piga picha!

(“Koma!” nikamwambia kutoka mlangoni. “Pazia lako halijamtembeza mtu. Kilichomtembeza ni hasira!”)

Katibu, andika hivyo hivyo: hasira, imetolewa na ofisi yangu, bila ubaguzi, kwa wananchi wote.