Turbo Haizimwi Ghafla

Mtu akilizunguka gari mara ya kwanza, anaangalia rangi. Akilizunguka mara ya pili, ameshalipenda. Akirudia tena huku akipapasa mlango kama anayepapasa ng'ombe wa maziwa, huyo si mteja tena, ni kitoweo. Injinia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa yadi yake ya magari ya mitumba alipomwona mzee mwenye miwani minene akianza mzunguko wa tatu. Akaweka chini kikombe cha chai, akajipangusa midomo, akaenda kuliwasha gari kabla mzee hajafikiria kuomba liwashwe.

Lazima tuseme hapa, kwa heshima zote, kwamba Injinia hakuwa injinia. Chuo alikipitia kila siku, maana kilikuwa njiani kuelekea kwake. Jina alijipa mwenyewe. Wateja wake wa zamani walikuwa na majina mengine ya kumwita, lakini hayo hayaandikiki.

Gari lenyewe kwa nje lilikuwa limepambwa likapambika. Ndani, turbo yake ilikuwa mahututi. Turbo, kwa asiyeijua, ni feni mbili kwenye fimbo moja: moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inashindilia hewa ndani, ili injini ndogo ijione kubwa. Kifaa kinachojitapa kwa nguvu ya moshi, kwa nini Injinia asikipende? Lakini sili za hii, zinazozuia oili isipenye, zilikuwa zimekwisha. Usiku kucha oili ilichuruzika humo, na asubuhi gari likiwashwa lilitoa wingu la bluu lililowafanya majirani wafunge madirisha na kumtaja Mungu. Likishapata moto, moshi ulipungua.

Tiba ya Injinia ilikuwa nyepesi: mteja asilione gari likiwa baridi, basi. Alimimina oili nzito kama asali, na ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, iliyokuwa na tabia mbaya ya kusema ukweli, akaing'oa balbu.

Tiba halisi ilikuwepo pia, ndani ya boksi, chini ya meza ya ofisi yake. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameinunua turbo mpya kwa jasho lake mwenyewe.

"Baba, ifunge hiyo turbo," alimwambia tena asubuhi ile. "Jumapili mdogo wangu anaolewa, na mama amekubali umpeleke wewe ukumbini. Unajua alichosema."

Injinia alijua. Mama mkwe alikuwa na fremu ya duka barabarani, pale pale kwenye kona ambayo hata kipofu angeuza. Kwa miaka yote ya ndoa yao mama huyo alishikilia kwamba binti yake ameolewa na moshi. Sasa alikuwa amelegeza kamba: "Anifikishe nikiwa msafi na kwa wakati, nami ufunguo wa fremu nitamkabidhi mbele ya watu. Akinichafua, tusijuane." Injinia alishalichora bango la duka kichwani. Usiku alikuwa akiota makabati.

Tatizo ni kwamba kufunga turbo kunahitaji fundi wa kweli, na fundi wa kweli ni mtu hatari sana kumwingiza kwenye yadi kama ile. Angetazama huku na huku. Injinia aliona ni heri atafute gari zima la mtu mwingine, na ugonjwa uende na mwenye tamaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Polepole, usinisukume, naangalia tu." Mtaani walimwita Mzee Pole, kwa kuwa hakuwa na sentensi isiyo na neno hilo. Zamani alikuwa karani wa posta.

"Angalia mzee, macho hayalipiwi. Hii ni lita moja na nusu tu, silinda nne, vali kumi na sita. Lakini kwa sababu ya turbo, nguvu zake ni za lita mbili na nusu. Mafuta yenyewe inanusa tu."

"Nasikia turbo zina matatizo."

Injinia akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. Alijua kwamba uongo mtamu hupikwa kwa ukweli mwingi. "Mzee, sikufichi. Zinavuja oili. Mnyororo wa taimingi unalegea, vali zinashika masizi, zikipata joto kali gasketi inaungua. Lakini hayo yanawapata watu wasiobadilisha oili mpaka waambiwe. Mimi hii naibadilishia kabla haijaomba."

"Mtu mkweli," alisema Mzee Pole. "Basi mimi sina fedha ya kununua, ila nina gari pale getini. Lita mbili, nayo ya turbo. Polepole tunaweza kubadilishana."

Pale getini palikuwa na gari kubwa, jeusi, linalong'aa, na injini ikinguruma. Kichwani Injinia alishamwona mama mkwe akishuka kutoka ndani yake mbele ya ukumbi. Akaingia, akakaa kwenye usukani. Mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati kabisa, umetulia kama mwanafunzi aliyeogopa mwalimu. Akalizungusha gari mtaani. Mshale haukutikisika. Gari lenye adabu, alijisemea.

Alitamani kufungua boneti. Lakini ukifungua boneti ya mwenzako, umempa ruhusa ya kufungua yako, na Injinia hakuwa na haraka ya kutembelewa. Cha ajabu, Mzee Pole naye hakugusa boneti ya mtu.

"Mbona hujazima, mzee?" Injinia aliuliza kwa adabu tu.

"Ah, turbo haizimwi ghafla, mwanangu. Lazima ipumue kwanza. Na wewe mbona yako inanguruma?"

"Ni hivyo hivyo, mzee. Ipumue."

Wakakubaliana kwa vichwa, watu wawili wenye elimu. Ushauri wenyewe ni wa kweli, fundi yeyote atakuambia uiache dakika moja au mbili. Wao waliongea mpaka chai ikapoa, magari yote mawili yakipumua, na hakuna aliyeona tatizo.

"Sasa nyongeza," Mzee Pole akasema. "Langu ni kubwa kuliko lako. Nimeona kiboksi chini ya meza yako."

Injinia alilazimika kukohoa ili asicheke. Mzee anataka turbo! Kwanza ilikuwa inamkera, kila alipoketi ofisini alipiga goti kwenye lile boksi. "Chukua mzee, iwe akiba tu. Hutakaa uihitaji." Wakaandikishana, wakapeana mikono, na Mzee Pole akaondoka na gari, ugonjwa wake, na dawa yake.

Jumamosi Injinia alishinda akiliosha gari jeusi. Hakuliwasha hata mara moja, asije akalichafua. Mkewe alilizunguka, akauliza mara mbili kama kweli ni lao, na akamkumbatia mumewe mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Jumapili asubuhi mama mkwe alisimama nyuma ya gari akisubiri kufunguliwa mlango, gauni lake la rangi ya maziwa likiwa limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Injinia akazungusha ufunguo. Kutoka kwenye ekzosi likatoka wingu jeupe, zito, lenye harufu tamu, likammeza mama mkwe kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Ni umande, mama," alisema Injinia.

"Umande," mama mkwe alijibu kutoka ndani ya wingu. Akapanda.

Kwenda ukumbini sharti upande mlima, ule ambao mafundi wote wa mji hupeleka magari kuyajaribu. Katikati ya mlima gari lilianza kuchemka. Mvuke ulipenya pembeni mwa boneti, maji yakamwagika barabarani, injini ikagonga na kunyamaza. Injinia akatazama mshale. Ulikuwa katikati, umetulia, adabu tele.

Hapo ndipo alipofungua boneti kwa mara ya kwanza. Gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye injini, ilikuwa imeungua, na haikuungua jana. Waya wa mshale wa joto ulikuwa umekatwa na kuunganishwa mahali pengine ili usiseme kitu, mafundo yamefungwa kwa utepe mweusi, kazi safi. Injinia alihisi wivu. Yeye balbu aliing'oa tu kwa koleo.

Likapita gari, likapunguza mwendo, likasimama mbele yao. Lita moja na nusu, silinda nne, bila hata unyuzi wa moshi.

"Poleni, poleni sana," Mzee Pole alisema akiteremsha kioo. "Nilikuwa nalijaribu mlimani. Fundi ameifunga jana ile turbo ya nyongeza, imekaa kama imezaliwa humo."

Mke wa Injinia aligeuka taratibu. "Turbo ipi?"

Injinia akainamia radieta.

"Mama, panda kwa mzee," mke alisema. Akamfungulia mama yake mlango, akapanda naye, na hakuangalia nyuma.

Injinia alifika ukumbini kwa miguu, viatu mkononi, keki ikiwa imeshakatwa. Mama mkwe alikuwa kwenye meza ya mbele, msafi, akicheka, na pembeni yake Mzee Pole alikuwa akizungusha ufunguo kwenye kidole. Injinia aliujua ufunguo ule. Alikuwa ameuota mara nyingi.

"Mwanangu, pole," Mzee Pole alimwambia alipojikokota mpaka pale. "Mama amenipangisha ile fremu, nitauza vipuri vya turbo. Nitahitaji mtu wa kuwaeleza wateja matatizo yake. Ulinieleza vizuri sana."

Injinia akamtazama mkewe, aliyekuwa amekaa kati ya mama yake na bibi harusi. Mkewe akamsogezea kiti.

"Kubali," alisema. "Unaanza kesho. Na mshahara wa kwanza unanunua turbo yangu."