Kaseti Iliyobaki kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kinyozi ameiweka tena kaseti ya marehemu mke wangu, dadake, sauti mpaka barabarani. Wateja wanabishania mpira juu yake! Zile ni nyimbo za mtu mmoja na gitaa lake tu. Zinataka utulivu. Mke wangu alikuwa akiinua mkono, ninyamaze, nisikie vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi. Maneno hakuyajali sana. Nimeazimia: kaseti itarudi nyumbani. Kuiomba? Thubutu! Atasema nitaiharibu.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kunyolewa. Kiti cha wateja kiko karibu na redio. Mfukoni, kaseti nyingine ya kubadilishia. Shemeji hakubanduka hata dakika. Nimerudi na upara.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda tena. Shemeji kauliza leo anyoe nini, ngozi? Nikasema ndevu. Alipotoka kumwaga maji, nikabadilisha. Ushindi! Nyumbani, kwa pupa, utepe ukakwama. Nikauvuta. Ukakatika.
Nimekaa kitako kidogo. Kisha nikakumbuka mimi ni fundi cherehani. Kilichokatika hushonwa. Sindano nyembamba kuliko zote, uzi mweusi, mishono minne. Huwezi kujua palipokatika.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amefika amefura. Kumbe kaseti niliyomwachia ni ya mafunzo ya ufugaji wa kuku. Wateja wamefundishwa kuatamisha mayai mpaka saa sita, na wawili wamegoma kuondoka kabla haijaisha.
Nikaifungulia ya mke wangu, polepole. Gitaa peke yake, kama mtu anayetembea pekupeku ndani ya nyumba yake. Penye mishono redio ikakohoa, wimbo ukaruka. Shemeji akaitoa, akautazama ule uzi. Nikajua imekwisha. Akasema dada angecheka mpaka alie. Akairudisha, akakaa. Tumesikiliza upande mzima, mikono magotini.
Ameniachia kaseti. Mlangoni kasema siku nyingine niombe tu, kwani yeye ni mtu baki?

Jumapili, 9 Machi
Maneno ya busara. Nimeyatafakari asubuhi yote. Sasa, shemeji anacho pia kigoda cha marehemu, alichokuwa akikalia akisikiliza nyimbo zake. Bila hicho sebule haijatimia. Kesho nitamwambia kina kunguni, akitupe upesi. Mimi nitakuwa nimejibanza karibu na jalala.