Mkataba wa Jua na Friza Tisa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Utukufu! Mkurugenzi, Mama Yolanda, amenikabidhi mkataba wa umeme wa jua. Kampuni itafunga paneli juu ya paa la kiwanda chetu cha korosho. Sisi tutanunua umeme tu, miaka kumi na mitano. Kusaini ni Ijumaa, Nanenane au si Nanenane. Ijumaa hiyohiyo kipindi changu cha majaribio kinaisha. Mkataba ukipita, naajiriwa. Usipopita, narudi kijijini Ziwani kupalilia mihogo na shahada yangu.

Silvio, fundi wa jenereta tangu mimi nikiwa chekechea, amesema sola ni ya kuchajia simu. Nimetabasamu kwa huruma. Sidhani kama aliiona huruma.

Jumanne, 5 Agosti

Janga! Silvio ameusoma mkataba. Nani alimpa? (Mimi. Nilitaka auone mwisho wake.) Wakati wa chai, mbele ya watu wote: "Dada Mwanahawa, hapa wanasema tunalipia umeme wote utakaozalishwa, tuutumie tusiutumie. Hivi sisi tunabangua korosho mwezi gani mpaka mwezi gani?"

Oktoba mpaka Machi. Leo ni Agosti. Mashine zimelala. Hata mlinzi amelala.

Kile kipengele nilikisoma mara nne. Nilikipigia mstari kwa wino wa kijani, kwa kuwa kimeandikwa vizuri.

Ningeweza kumpigia Gideoni, mwakilishi wa kampuni ya sola, akibadilishe. Lakini huko ni kukiri. Afadhali nitafute mtu wa kuutumia umeme miezi ya kulala.

Jumatano, 6 Agosti

Ufukoni. Bi Hawa anauzia wachuuzi wa samaki barafu. Umeme ukikatika, anayeyuka pamoja nayo. Nikamweleza mpango. "Mwanangu, nipe wote!" Mkataba unakataza umeme kutoka nje ya uzio wa kiwanda. Rahisi: Bi Hawa aingie ndani ya uzio. Mama Yolanda yuko Masasi mpaka Ijumaa. Nitamshangaza.

Akili yangu inatisha. Wakati mwingine naiogopa mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Friza tisa zimeingia ghalani. Sikutarajia zije na samaki. Bi Hawa amenishangaa: friza tupu ya nini? Wateja nao wamekuja. Mmoja ameniuliza pweza wangu nauzaje.

Tatizo dogo: paneli bado hazijafungwa. Jambo hili nililijua, ila sikulifikiria. Ikabidi jenereta iwashwe. Silvio alikubali polepole, ameegemea ukuta kama bwana harusi anayebembelezwa. Sasa anaitwa kila nusu saa: "Kaka Silvio! Barafu!" Hajawahi kupendwa hivi.

Korosho za kusafirishwa zimeanza kunuka dagaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Yolanda na Gideoni wameingia ghalani saa nne asubuhi. Bi Hawa akawauzia barafu kabla sijafungua mdomo.

Nikaeleza yote. Kisha Gideoni akacheka mpaka akakalia friza. Akasema ile ilikuwa rasimu tu. Kiwanda cha msimu huwa na kipengele chake, na ningemwambia angekiweka kwa simu ya dakika tano. Akakiweka palepale: miezi ya kulala tutalipia robo tu. Mama Yolanda akasaini. Silvio akapiga makofi. Nadhani alikuwa anampigia Bi Hawa.

Halafu Mama Yolanda akanigeukia. Sifukuzwi! Majaribio yameongezwa miezi mitatu, nijifunze jambo moja: kuuliza kwanza. Friza zitoke leo hii. Na korosho nizianike upya, mwenyewe, mpaka zisahau samaki.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari siku mbili huku nikigeuza korosho. Somo limeniingia. Ile robo bado haina mtumiaji, na mimi nina miezi mitatu ya kung'ara. Safari hii nimeuliza kwanza. Nimemwuliza Saidi, fundi wa kuchomelea mageti kule Magomeni, kama angependa kuhamia kiwandani na mafundi wenzake. Angependa sana. Wanakuja kesho mapema, kabla Mama Yolanda hajafika.

Nimewatengea kivuli kizuri, pembeni ya lundo la maganda ya korosho. Silvio amenipigia simu kunikumbusha kwamba maganda yale yana mafuta na hushika moto upesi. Nimemjibu kwa upole kwamba mafuta ni mambo ya jenereta. Sisi tumeshahamia kwenye jua.