Alama Arobaini na Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepekua stoo ya kitivo. Nastaafu mwisho wa mwezi, lazima nikabidhi kila kitu, hadi viti vilivyovunjika. Nikakuta nini? Insha yangu ya mwaka wa pili! Uhakiki wa shairi. Alama: 49. Nilifeli kwa alama moja! Pembeni, wino mwekundu wa Mwalimu wetu wa ushairi: "Maneno mengi. Shairi liko wapi?"

Nikakaa juu ya boksi. Nikamwona tena, chaki kwenye mkono wa blauzi, akisoma beti bila kitabu, nasi sitini kimya, hata kikohozi hakuna. Siku zile nilitaka kuwa yeye. Badala yake nimekuwa mkuu wa kitivo. Natia saini matokeo ya wanafunzi elfu mbili, nami nina 49! Siondoki nayo.

Jumanne, 4 Juni

Dawa imepatikana: fomu ya rufaa ya alama. Saini tatu: mwanafunzi, mkuu wa kitivo, mwalimu wa somo. Nikasaini kama mwanafunzi. Nikajipokea, nikasaini kama mkuu. Katibu muhtasi akauliza huyo mwanafunzi yuko mwaka wa ngapi. Nikamwambia ashughulike na mihuri yake.

Mkuu wa Idara ya Isimu, mbea asiye na mfano, akachungulia. Akasema rufaa ni ndani ya siku kumi na nne. Imepita miaka thelathini na tisa. Nikaandika barua ya kuomba kuongezewa muda. Nikajikubalia papo hapo. Akanywea! Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu. Miaka themanini na moja, miwani mizito, sauti ile ile. Jina langu amelisahau. Mwandiko akautambua mara moja. Akaniita mwanangu. Akasoma insha yote, kalamu nyekundu mkononi, kisha akaghani lile shairi bila kutazama popote, beti zote saba. Miaka yote ya vikao, hiki ndicho nilichokuwa nimekikosa.

Halafu akaandika: 43.

Nikalalamika! Akasema muhula ule nilikuwa nimetoka kumzika mama. Zile sita zilikuwa za pole. Nami nilidhani hakuna chuoni aliyejua. Nililia, sioni haya kuandika. Akasubiri nimalize, akaniagiza niandike upya. Kurasa mbili tu. Shairi lionekane. Nimpelekee Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni

Furaha ya ajabu. Kazi ya nyumbani, na umri huu! Mke wangu anasema tangu Ijumaa sijanung'unika hata mara moja, na ameanza kuingiwa na wasiwasi.

Nimefika ukurasa wa kumi na tisa, na utangulizi ndio kwanza unapamba moto. Shairi lenyewe nitaligusia kwenye hitimisho, nafasi ikiruhusu. Naiona 80 kabisa. Fomu nyingine ya rufaa nimekwisha kuijaza, endapo Mwalimu atateleza tena. Bado saini yake tu.