Vikohozi Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Kh-khm. Mlio huo mmoja umenikaa masikioni tangu asubuhi. Fundi mitambo wa studio aliurudia mara tatu kwenye spika, akaniuliza kama mhusika ana mafua. Ukurasa niliokuwa nausoma ulikuwa unaeleza mlima.

Miezi miwili nakohoa. Homa sina, mafua sina, kifua kimepigwa picha na kiko safi. Na Ijumaa mkuu wa studio anachagua wa kuisoma riwaya ndefu kwa ajili ya maktaba ya wasioona. Ni mimi au Kinanda, mwenzangu mwenye sauti nzito anayejisikiliza akiongea. Bibi yangu, ambaye haoni, ameshauliza mara mbili itatoka lini.

Chanzo nimekipata. Manukato ya Kinanda.

Jumanne, 4 Machi
Nimeyaficha manukato nyuma ya kabati la nyaya. Baada ya chakula cha mchana nikanywa dawa yangu ya kulinda koo: ndimu tatu, pilipili, kahawa nyeusi ya kuipa nguvu. Nikajilaza kwenye zulia dakika kumi, kama kawaida, sauti itulie.

Nimekohoa kuliko jana. Kinanda, akinukia sabuni tu, akanipa pole. Hata pole yake ina mwangwi.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe fundi hatupi vikohozi anavyovikata. Anaviweka kwenye faili, kila kimoja na saa yake. Vyangu ni arobaini na kimoja. Viwili vya asubuhi, vilivyobaki vyote baada ya dawa yangu ya ndimu na zulia. Akasema, dada, mimi si daktari, ila hebu tazama hizo saa. Nikamwambia ashughulike na nyaya zake.

Jioni nikaenda kwa daktari kimyakimya. Eti tindikali ya tumbo inapanda hadi kooni na kulikwaruza. Nikasema sina kiungulia. Akasema wengine hawakisikii kabisa, wanakohoa tu. Niache ndimu, pilipili na kahawa. Nisijilaze nikishiba. Upande wa kichwani wa kitanda niuinue. Na nivumilie, itachukua wiki kadhaa.

Wiki kadhaa, na uchaguzi ni kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Kinanda mwenyewe kamwomba mkuu asubiri wiki tatu, eti kumshinda mgonjwa hakuna utamu. Inauma kumshukuru mtu kama huyo. Manukato nimeyarudisha. Sikusema yalikuwa wapi.

Jumamosi, 29 Machi
Wiki tatu za maji matupu, na matofali chini ya kitanda. Dada yangu, ninayelala naye chumba kimoja, anasema nalala kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Lakini jana nimesoma saa nzima bila kh-khm hata moja. Riwaya nimepewa mimi. Bibi nilipompigia akasema nianze leo.

Nimefurahi, na furaha ikanifanya nifikiri. Riwaya ina kurasa mia sita. Koo lililopona lina cha kupoteza, kwa hiyo linahitaji ulinzi kuliko lile linaloumwa. Nimeshakamua ndimu tatu. Pilipili nimepunguza, mimi si mjinga. Glasi ya kwanza imeisha, na haya nayaandika nimelala chali kwenye zulia, sauti itulie.