Mkakati wa Maganda na Makapi

Ieleweke kwa umma mzima kwamba kuanzia Jumatatu ile, hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kutupa ganda la yai bila idhini.

Tangazo lilitoka kwa Mkurugenzi mwenyewe. Wazo alilipata nyumbani, alipomwona mkewe akimwagia ua la sebuleni maji aliyooshea mchele. Mkewe aliona anamwagilia ua. Yeye aliona Mkakati Jumuishi wa Lishe ya Mimea ya Ndani. Waziri alikuwa njiani kuja kukagua, na kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi.

"Makapi ya chai yatiwe kwenye vyungu," aliwaambia watumishi. "Maganda ya ndizi vilevile."

"Na chai ya maziwa, mheshimiwa?" akauliza mhasibu.

"Maziwa ni lishe."

"Yenye sukari?"

"Sukari ni nguvu. Tusibaniane."

Mkono mtupu haulambwi. Kila mtumishi akaupeleka mchango wake kwenye mmea wa ofisini kwa bosi, aonekane. Wengine walileta uji, mmoja akaleta mchuzi wa jana. Mimea ya kule ukumbini haikupata kitu, ikastawi kwa ukaidi tu. Ule wa bosi ukalegea majani, ukanuka, ukaita inzi.

"Umeshiba," Mkurugenzi alieleza. "Unapumzika."

Waziri alipofika akakalishwa pembeni ya chungu, mahali pa heshima. Alikuwa anazungumzia uvumilivu alipoinuka ghafla, akajipiga paja, kisha la pili. Watumishi wakapiga makofi.

"Siafu!" akapiga yowe.

"Wadau, mheshimiwa," Mkurugenzi akasema. "Wamejitokeza wenyewe."

Waziri akakimbilia choo cha humohumo ofisini. Mkurugenzi akasimama nje ya mlango, cheo akikiona kinayeyuka kama barafu juani.

"Hebu niambie," sauti ikatoka ndani, "mmea huo unakula nini?"

"Kila kitu, mheshimiwa."

"Na unatoa nini?"

"Bado haujatoa."

Suruali ikakung'utwa kwa hasira.

"Basi chochote kinachokula tu ofisini humo bila kutoa kitu, kitolewe sasa hivi!"

"Mmesikia?" Mkurugenzi akawageukia watumishi. "Tekelezeni!"

Watumishi wakauchungulia mmea. Katikati ya majani yaliyolegea palikuwa na chipukizi, dogo, la kijani. Wakamtazama Mkurugenzi, juu mpaka chini, wakitafuta la kwake.

Mhasibu akamshika mkono wa kulia, mlinzi wa kushoto.

"Taratibu jamani," akasema mhasibu, "msimgonge mlangoni. Ni mali ya serikali."